Helsinki au Oulu: mgeni aanzie wapi maisha ya Ufini?

Ukikaa na Waswahili wa Ufini dakika kumi tu, iwe kanisani, msikitini au kwenye bethdei ya mtoto wa mtu, lazima mada hii iibuke: Helsinki au mkoani. Na hapo kila mtu ana dini yake. Wa Helsinki atakwambia Oulu ni kujizika mzima mzima, wa Oulu atakwambia Helsinki unaamka alfajiri kumfanyia kazi mwenye nyumba. Wote wana ukweli kidogo na wote wanatia chumvi.

Nikisema Helsinki hapa namaanisha na Espoo na Vantaa, maana mgeni gani anapata nyumba katikati ya mji siku ya kwanza, wengi wetu tunaangukia Kontula, Mellunmäki, Vuosaari, Hakunila, Koivukylä, Espoon keskus, huko huko. Oulu nimeichagua kwa sababu ni mji mkubwa wa kaskazini, watu 215,000 hivi, una chuo kikuu na chuo kikuu cha sayansi tumizi cha Oamk vinavyoleta wanafunzi wa Kenya, Tanzania na Uganda, na pia una ndugu zetu Wakongo waliokuja kwa mgao wa wakimbizi kupitia UNHCR, wengine kutoka kambi za Uganda na Rwanda, ambao hawakuchagua mji, walipangiwa tu. Hao ndio hasa huwa wanauliza: tubaki au tuhame?

Mimi msimamo wangu nauweka mapema ili usisome huku unanikisia. Pango la nyumba ndilo kila mtu anaanza nalo lakini ndilo linalopotosha watu wengi. Angalia una lugha gani mdomoni leo na una watu wangapi wa kulisha. Hayo mawili yakishajibiwa, mji unajichagua wenyewe.

Haya tuanze na hilo hilo pango, maana najua ndilo ulilolifuata.

Chumba kimoja chenye jiko lake dogo na bafu lake, wenyewe wanaita yksiö, eneo la Helsinki utakikuta euro 650 mpaka 850 kutegemea uko mbali kiasi gani na metro au treni. Oulu cha aina hiyo hiyo ni 400 mpaka 550. Ukija kwenye nyumba ya familia, tuseme vyumba viwili vya kulala na sebule, Vantaa jiandae na elfu moja na zaidi, Oulu unapata kwa 750 mpaka 900 na mara nyingine ina na sauna yake ndani. Mwanafunzi hesabu yake tofauti: Helsinki wapo HOAS, Oulu wapo PSOAS, ni taasisi za nyumba za wanafunzi, chumba cha kushea jiko Oulu kinaweza kuwa euro 300 au chini ya hapo, Helsinki kitakuwa juu kidogo na foleni yenyewe ya mwezi wa nane na wa tisa ni balaa. Omba siku ile ile unayopata barua ya chuo, usisubiri viza.

Kitu kimoja kwenye matangazo: ukiona 2h+k usidhani ni vyumba viwili vya kulala. Sebule nayo inahesabiwa. 2h ni sebule na chumba kimoja, 3h ndiyo vyumba viwili. Familia ya watoto wanne ikichanganya hapo wanakuja kulala sebuleni mwaka mzima. Na hiyo herufi s ikiwepo mwishoni ni sauna.

Halafu kuna vijigharama ambavyo tangazo halipigii kelele. Maji unalipa kwa kichwa, euro 20 hivi kila mtu kila mwezi, kwa hiyo familia ya watu sita hiyo ni zaidi ya euro 100 juu ya pango, hapo Helsinki na Oulu ni ndugu. Dipoziti kisheria haizidi pango la miezi mitatu, kawaida wanataka wa mwezi mmoja au miwili. Bima ya nyumba karibu kila mwenye nyumba anaidai. Umeme unaingia mkataba mwenyewe na kampuni unayoitaka. Joto, hili linashangaza wageni, kwenye maghorofa limeshaingia ndani ya pango, maji ya moto yanazunguka kwenye mabomba ya mji mzima, hulipii kivyake. Ndiyo maana kwenye ghorofa bili ya umeme inaweza kuwa euro 20 tu, taa, jiko na chaji za simu. Lakini ukishawishika na nyumba ya chini yenye uwanja, ambazo Oulu zinapatikana kwa bei ya kuvutia, uliza kwanza inapashwa joto na nini. Kama ni umeme, na mkataba wako ni ule wa bei ya soko inayopanda na kushuka siku nzima, kaa ukijua kwamba tarehe 5 Januari 2024 wakati wa baridi kali bei ilipita euro 2 kwa uniti moja jioni. Siku ya kawaida ni senti chache tu. Watu walizima mpaka friji.

Na Kela je? Kela, shirika la taifa la hifadhi ya jamii, ndio wanatoa posho ya nyumba kwa wenye kipato kidogo, na tangu Aprili 2024 wanalipa asilimia 70 ya gharama wanazozikubali, zamani ilikuwa 80. Angalia neno hilo, wanazozikubali. Wana kikomo chao. Kikomo cha eneo la Helsinki kipo juu kuliko cha Oulu, lakini hakijapanda kiasi cha kuziba pengo la pango lenyewe, kwa hiyo ile tofauti unaitoa mfukoni mwako. Na aliye kwenye msaada wa mwisho kabisa, toimeentulotuki, akikaa nyumba ya bei kubwa anaweza kuambiwa atafute ya bei ndogo na kupewa miezi mitatu. Familia kubwa Helsinki zinakutana na hili sana.

Ila nisiwe muongo, miaka hii miwili mitatu Helsinki nyumba zimekuwa nyingi kuliko wapangaji, hasa hivi vi-yksiö, mpaka makampuni makubwa yanatoa mwezi wa kwanza bure. Ukiona ofa hiyo soma mkataba vizuri, mara nyingi wanakufunga mwaka mzima.

Usafiri. Hapa watu wa Helsinki huwa wananyamaza.

Helsinki imegawanywa kanda A, B, C na D. Ukikaa na kufanya kazi ndani ya A na B, tiketi ya mwezi ni euro 70 na ushee. Sasa wale tunaokimbilia Vantaa kwa sababu pango ni nafuu, sehemu kubwa ya Vantaa ni C, Tikkurila ikiwemo, na ukifanya kazi mjini lazima ununue ABC ambayo inagonga kwenye 100 hivi. Wakiwa watu wazima wawili ndani ya nyumba hiyo nafuu ya pango imeshaliwa na treni. Fanya hesabu hiyo kabla ya kusaini, sio baada. Kwa upande mwingine, huo usafiri wenyewe unafanya kazi kwelikweli, metro, treni, tramu, basi, meli ya kwenda Suomenlinna, tiketi ile ile moja, na anayetoka zamu usiku wa manane bado anapata basi.

Oulu usafiri ni baiskeli. Sio utani. Mji una njia za baiskeli mamia ya kilomita, zinapita chini ya barabara kwa mashimo yao ili usikutane na magari, na asubuhi ya Januari nyuzi hasi 20 unaona mtoto wa darasa la pili anapita na begi lake mgongoni, kofia imefunika mpaka nyusi, kope zimeshaanza kushika barafu, wala hana habari. Theluji ya njia za baiskeli wanaisafisha mapema, sehemu nyingine kabla ya barabara za magari. Baiskeli ya mtumba unapata kwa euro 100 kwenye Tori, mtandao wa kuuziana vitu vya mtumba, au kwa mwanafunzi anayeondoka, unaongeza tairi zenye misumari kwa ajili ya barafu, biashara imeisha, hudaiwi tiketi ya mwezi. Basi lipo lakini Jumapili na usiku linakuja kwa madaha, mwenye zamu ya alfajiri upande wa pili wa mji asilitegemee sana.

Chakula hapa ndipo nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoteza hela kila wiki bila kujua.

Maduka makubwa ni yale yale nchi nzima: Lidl, Prisma, S-market, K-Citymarket, na bei hazipishani sana kati ya Helsinki na Oulu. Kinachopishana ni aina ya duka lililo karibu na wewe. Helsinki ukikaa sehemu yenye viduka vidogo vya mtaani tu, ukawa unanunua hapo kila siku kwa sababu ya uchovu, mwisho wa mwezi utashangaa hela imeenda wapi. Oulu Prisma ipo kilomita nne na una baiskeli yenye kikapu, unaenda mara moja kwa wiki unamaliza.

Jifunze friji ya vibandiko vyekundu. Kila duka lina kona yake, nyama, samaki, mkate na maziwa yanayokaribia tarehe, kibandiko cha asilimia 30. Kwenye maduka ya kundi la S, kama Prisma na S-market, usiku ukiingia, saa mbili au saa tatu kutegemea duka, punguzo linafika asilimia 60. Utawakuta pale wastaafu wa Kifini, wanafunzi wa Kinepali, mama zetu wa Kikongo, wote wanazuga wanasoma maandishi ya maziwa huku jicho lipo kwenye saa. Kuku mzima kwa bei ya soda. Unapeleka friza moja kwa moja. Sheria ya adabu pale ni moja tu, usikusanye kabla ya saa yake ukakaa nayo kwenye toroli, watakutazama vibaya na Mfini akikutazama vibaya ujue umevuka mpaka maana wao kawaida hawatazami mtu.

Chakula cha nyumbani: hapa Helsinki inashinda bila mjadala. Hakaniemi kuna mfululizo wa maduka ya Waasia na Waafrika, na kule Puhos karibu na Itäkeskus kuna ya Wasomali, nyama ya halali, mbuzi, ndizi mbichi, unga mweupe wa sembe, unga wa muhogo, sombe iliyogandishwa, dagaa, mafuta ya mawese. Oulu maduka ya namna hiyo yapo machache na bei imeongezwa ya safari ya lori kutoka kusini. Ndiyo maana watu wa Oulu na wenzao wa mikoani wanasonga ugali wa mannasuurimo, ile semolina ya uji wa watoto wa Kifini, inauzwa kila duka kwa bei ya kutupa. Unachemsha maji, unamwaga kidogo kidogo, inashika haraka kuliko sembe kwa hiyo moto mdogo na mwiko usipumzike. Sembe kamili sio, lakini na mchuzi wa samaki hakuna atakayelalamika. Sukuma wiki ipo, wanaiita lehtikaali, kuanzia vuli inajaa madukani. Na wale samaki wadogo wa ziwani, muikku, wakaange na unga kidogo na chumvi, mtu wa Mwanza au Kigoma atakuelewa.

Oulu nayo ina chake cha bure ambacho Helsinki ukipata ni kwa safari. Sheria ya Ufini inampa mtu yeyote, hata mwanafunzi aliyekuja jana, haki ya kuingia msituni kuchuma matunda pori na uyoga bila kumuomba mwenye ardhi, mradi usikaribie nyumba ya mtu na usiharibu. Mwisho wa mwezi wa saba mustikka, mwezi wa tisa puolukka, ndoo kwa ndoo, zinaingia friza zinakwenda mpaka masika. Ukiziuza hazikatwi kodi ya mapato. Kuvua kwa ndoano ya kawaida au kutoboa barafu ukavua ni bure, ukitaka kutumia vifaa vingine kama mashine ya kuvutia na nyavu, wenye miaka 18 mpaka 69 wanalipa ada ya mwaka. Uyoga kama huujui achana nao kabisa, kuna watu wameishia hospitali.

Na chupa usitupe. Kopo senti 15, chupa kubwa ya plastiki senti 40, mashine ipo mlangoni mwa kila duka inakupa risiti, unapunguza bei ya manunuzi.

Sasa kazi. Ningeweza kuanza na hii.

Lugha ya Kiingereza peke yake, Helsinki inakupa kitu. Usafi, jikoni kwenye migahawa, hoteli, ghala, kupeleka chakula kwa baiskeli, kusambaza magazeti usiku. Usafi unalipa euro 11 mpaka 13 kwa saa kabla ya nyongeza, na sheria inasema kazi ya Jumapili inalipwa mara mbili, kwa hiyo mwanafunzi anayepanga zamu zake kiakili anabana wikiendi. Mikataba ya vyama vya wafanyakazi ndiyo inapanga mishahara, hakuna kima cha chini cha serikali, na baadhi ya mikataba hiyo inaipa Helsinki senti kadhaa zaidi kwa saa. Senti kadhaa, sio pengo la pango.

Lakini usifikirie ni mteremko. Ukosefu wa ajira mwaka 2025 ulikuwa unazunguka asilimia 10 nchi nzima, na hizo kazi za Kiingereza za Helsinki zinagombewa na kila mgeni aliyeko Ufini maana wote wamepewa ushauri ule ule, nenda Helsinki. Vijana wa mizigo ya chakula wamejaa kiasi kwamba unasubiri oda nje ya mgahawa kwenye baridi huku mpo saba.

Oulu bila Kifini unagonga ukuta mapema. Kuna ulimwengu wa teknolojia, Nokia na makampuni yanayoizunguka, huko Kiingereza kinatosha, ila huko wanataka injinia. Kwa sisi wengine ni usafi, ambao nao unataka uelewe maelekezo, na kazi ya uuguzi msaidizi, lähihoitaja, ambayo bila Kifini hata mlango hufunguliwi. Ila, na hapa ndipo Oulu inalipa kisasi, ukikaa Oulu Kifini kinaingia. Hakuna pa kukikimbilia. Ukifika dukani unaongea, kwa jirani unaongea, mwalimu wa mtoto anakuongelesha. Helsinki ukikosea neno moja tu Mfini anageukia Kiingereza kwa ukarimu wake na hapo ndipo somo linapoishia, nawafahamu watu wana miaka kumi Helsinki wanaagiza kahawa kwa Kiingereza.

Hili lina bei yake siku hizi. Tangu Oktoba 2024 muda wa kawaida wa kukaa kabla ya kuomba uraia umepanda kutoka miaka mitano kwenda minane, na bila cheti cha lugha, mara nyingi mtihani wa YKI ngazi ya tatu, maombi hayaendi kokote. Kwa hiyo mji unaokulazimisha lugha unakulipa baadaye, mji unaokudekeza unakudai baadaye.

Lähihoitaja nayo nisiiuze kama dhahabu. Miaka michache nyuma ukimaliza tu unaokotwa. Sasa maeneo ya huduma za afya yaliyoanza 2023 yamebanwa bajeti, yamepunguza watu, na waliohitimu karibuni wanapata zamu za kuitwaitwa. Bado ni njia nzuri kuliko ndoo na mopu maisha yote, ila usikope ukategemea.

Popote uendapo: kadi ya kodi ya mapato, verokortti, mpe mwajiri kabla ya mshahara wa kwanza, la sivyo wanakata asilimia 60 nzima. Inarudi baadaye, lakini mwezi huo utakula mannasuurimo tupu. Na mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi wastani wa saa 30 kwa wiki, usivuke ukidhani hakuna anayehesabu.

Sasa tuweke mezani mtu mmoja, mfanyakazi wa usafi wa muda wote, mshahara 1,900 hivi kabla ya makato, mkononi anabaki na kama 1,600:

Vantaa: nyumba 700, maji na umeme 45, usafiri 100, simu na bima 30, chakula 250. Jumla 1,125.
Oulu: nyumba 480, maji na umeme 45, baiskeli sifuri au basi kidogo, simu na bima 30, chakula 250. Jumla 805.

Pengo la euro 300 na kitu kila mwezi, kwa mwaka karibu 4,000. Nauli ya kwenda nyumbani Desemba na zawadi juu na ada ya shule ya mdogo wako. Hesabu tamu sana hii, isipokuwa ina sharti moja, kwamba Oulu kazi hiyo umeipata. Ukikaa miezi sita bila kazi Oulu, pengo lote limekufa.

Kwa familia mambo yanageuka. Angalia, posho ya watoto ya Kela ni ile ile nchi nzima, euro 95 hivi kwa mtoto wa kwanza na inapanda kadiri wanavyoongezeka. Shule bure, vitabu bure, chakula cha mchana cha moto shuleni bure kwa kila mtoto tangu 1948. Chekechea inalipiwa kwa kipato, wa juu kabisa analipa euro 300 na kidogo, wa chini halipi, na hiyo imepangwa na sheria popote ulipo. Kliniki ya mjamzito na mtoto bure. Sasa kama hela inayoingia ni ile ile, Helsinki na Oulu, na kinachotoka Oulu ni kidogo, mwenye watoto wanne anafanya nini Vantaa kwenye vyumba viwili? Mama mmoja wa Uvira alinijibu hivi nilipomuuliza mbona hafuati wenzake waliohamia kusini: "Mwanangu, huku watoto wanatoka shule wanarudi peke yao na mimi sina roho juu. Kule nitaenda kutafuta nini?" Sikuwa na jibu.

Ila watoto wakiwa wakubwa, miaka 15 na kuendelea, upepo unabadilika. Wanataka wenzao, wanachoka kuwa Mwafrika pekee darasani, na Helsinki darasa moja la mashariki ya mji lina lugha kumi. Wazazi wengi waliohama wamehama kwa shinikizo la watoto, sio la mshahara.

Giza na baridi. Watu wanaogopa baridi ya Oulu, mimi nasema ogopa giza. Siku fupi kabisa ya Desemba Helsinki ina karibu saa sita za mwanga, Oulu saa tatu na nusu tu. Unaenda shule giza, unarudi giza. Vitamini D meza kila siku, ni ushauri wa kila kliniki huku, na taa ya mwanga mkali ya asubuhi inasaidia. Baridi yenyewe Oulu ni kavu, theluji nyeupe inakaa tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili na inaangaza kidogo. Helsinki unapata ile theluji-maji ya kijivu, inayeyuka, inaganda, inayeyuka tena, upepo wa bahari unapita mpaka kwenye mifupa, na mtu anavunjika mkono kituo cha basi. Nguo za Oulu ni ghali kidogo kuziweka sawa mara ya kwanza, buti nzuri, suruali ya theluji ya kila mtoto, ila maduka ya mtumba huko yana nguo za baridi za nguvu kuliko Helsinki maana wenyewe wanazihitaji kweli. Na kile kiakisi mwanga cha kuning'iniza kwenye koti ni sheria gizani, sio pambo.

Makaratasi: foleni ya miadi, akaunti ya benki na namba ya utambulisho vinasumbua kote, na bila nywila za benki ni tabu kuingia Kela, Migri (idara ya uhamiaji), kodi ya mapato, hata matokeo ya hospitali. Tofauti moja ambayo watu hawaifikirii ni ubalozi. Tanzania na Kenya zote zinahudumia Ufini kutoka Stockholm. Pasipoti ikikaribia kuisha, wa Helsinki anapanda meli jioni anaamka Stockholm, na nje ya msimu tiketi ya meli ni bei ndogo kuliko chakula cha ndani yake. Wa Oulu kwanza treni ya saa sita kwenda kusini, ndipo meli. Familia ya watu watano pasipoti zote zikiisha mwaka mmoja, hiyo ni bajeti kamili. Na misiba, harusi, mikutano ya jamii, vyote vinafanyika kusini.

Kabla hujaamua kati ya hii miwili, Tampere iangalie. Treni saa moja na nusu mpaka Helsinki, pango katikati ya Helsinki na Oulu, tramu tangu 2021, wageni wengi lakini Kifini bado kinahitajika. Na kama wewe ni mtu wa Kiingereza kizuri na Kifini kimekupiga chenga, fikiria Vaasa na pwani ile ya magharibi wanapoongea na Kiswidi pia. Kiswidi ni lugha rasmi kamili, uraia unapatikana kwa cheti chake, na kwa aliyesoma Kiingereza kinashikika mapema zaidi. Watu wachache sana wanaambiwa hili.

Kwa hiyo mimi ningepanga hivi. Upo peke yako, Kiingereza tu, unahitaji hela mwezi huu kutuma nyumbani: Helsinki, na tafuta nyumba kwenye kanda B hata kama pango limezidi kidogo. Una watoto wadogo na mko kwenye masomo ya lugha: bakini Oulu, malizeni Kifini hapo hapo, msihame katikati ya kozi maana mpango wenu wa kuzoea nchi tangu Januari 2025 uko mikononi mwa manispaa, na mkihama mnaingia kwenye foleni ya manispaa mpya. Wewe ni mwanafunzi: kaa chuo kilipo, Migri wanataka uonyeshe euro 800 za kila mwezi kwa hiyo mji wa bei ndogo unakunyooshea hizo euro. Una cheti cha lähihoitaja na Kifini mkononi: nenda popote penye mkataba wa kudumu, hata kijijini.

Na ukishaamua kuhama, notisi ya mpangaji ni mwezi mmoja, unaanza kuhesabiwa mwisho wa mwezi uliotoa notisi. Ukiandika tarehe 2 Mei, unalipa mpaka mwisho wa Juni, ukiandika tarehe 30 Aprili unatoka mwisho wa Mei. Mkataba wa muda maalumu hauvunjwi hivyo, soma wako ni upi. Taarifa ya kuhama unaijaza kwenye mtandao ndani ya wiki moja ya kuhama, Kela unawaandikia kivyao kuhusu posho ya nyumba, na piga picha kila kona ya nyumba unayoiacha, tanuri la jiko likiwemo, maana dipoziti za wageni wengi zinaishia kwenye tanuri.